Barua Tupu

Kila jioni ya Kwaresima, baada ya kuosha vyombo na kuchochea moto, Dervla Kinnane alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika riwaya yake. Alikuwa na miaka kumi na minne, na madaftari manne yalikuwa yamekwisha kujaa. Mchapishaji mmoja wa Dublin alikuwa amesoma sura tatu za mwanzo, akaandika kwamba anataka kuona zilizobaki kabla ya Pasaka. Tangu siku hiyo msichana alivimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu?

Ila Dervla alikuwa pia mwigizaji. Kikundi cha maigizo cha mji wao, Kilbrack, kilikuwa kikijiandaa kwa mashindano, na yeye ndiye aliyepewa nafasi ya binti wa nyumba. Baba yake katika mchezo huo alikuwa Mzee Packie Hehir, muuza nyama wa mjini. Kwa miaka thelathini Packie alikuwa akipewa nafasi za polisi na walevi tu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa na hotuba yake mwenyewe, na dada yake Bridie alikuwa amekuja kutoka Boston ili aisikie.

Hotuba yenyewe ilitegemea barua. Binti angefungua barua ya kaka yake aliyehamia Amerika na kuisoma kwa sauti hadi mstari wa mwisho: "Je, baba bado anaitunza fidla yangu?" Hapo mzee angesimama, aitungue fidla ukutani na kutoa yaliyo moyoni.

"Na barua uikariri," alisisitiza Mwalimu Considine, aliyeutunga mchezo na kuwafundisha. Dervla aliona ni kujisumbua bure. Barua si inasomwa? Saa hizo afadhali aandike riwaya.

Mchana wa siku ya mashindano Mwalimu alimwuliza tena, "Barua umeikariri?"

"Neno kwa neno, Mwalimu."

Mwalimu alifurahi. Karatasi ya mazoezi ilikuwa na madoa ya chai, na barua iliyotoka posta sasa hivi haiwezi kuwa na madoa. Akaitoa kwenye bahasha, akatia karatasi mpya, nyeupe, isiyoandikwa kitu. Hakuona haja ya kumwambia mtu.

Ukumbi wa parokia ulifurika. Katikati, kwenye meza ndogo yenye taa, jaji wa mashindano, Lavelle, alikuwa akiandika bila kuinua uso. Dervla alifungua bahasha mbele ya macho mia tatu, akaona weupe mtupu.

"Dada mpendwa," alianza, kisha akatunga. Alitunga theluji ya Amerika, kiwanda chenye baridi, rafiki aliyefariki bila ndugu karibu. Wanawake walitoa leso. Alipomaliza watu walipiga makofi kwa nguvu, lakini fidla hakuitaja hata mara moja.

Mzee Packie alinyanyuka nusu, akangoja neno lake. Nyuma ya pazia Mwalimu alinong'ona mstari wa fidla, makofi yakaimeza sauti yake. Kimya kilipozidi, mwigizaji aliyefuata aliingia jukwaani, na mchezo ukasonga mbele. Mzee alirudi kitini taratibu. Kutoka pale alipokaa, kando ya Dervla, alikuwa ameiona ile karatasi tupu.

Mchezo ulipokwisha, jaji alipanda jukwaani kuwasema waigizaji mmoja mmoja mbele ya umma, kama ilivyo desturi. Jaji hajibiwi. Akikuponda, unakunja mikono na kumeza.

"Bwana Hehir alisahau maneno yake," alisema Lavelle. "Inasikitisha, kwa mtu mwenye uzoefu wake. Lakini yule msichana alimwokoa! Namtabiria makubwa."

"Packie, ubongo umeusahau kwenye friji ya nyama?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka. Bridie aliinamisha kichwa. Packie alikunja mikono.

Dervla aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Angekaa kimya, sifa zote zingekuwa zake, na hata Dublin zingefika. Akasimama.

"Samahani, Bwana Lavelle."

"Kaa chini wewe!" mtu alimvuta sketi.

"Mzee Packie hakusahau kitu. Mimi ndiye ambaye sikuikariri barua, na nilimdanganya Mwalimu. Karatasi ilikuwa tupu, nikabuni, nikayaruka maneno aliyokuwa akiyangoja. Sikumwokoa. Nilimwibia hotuba yake."

Hakuna aliyecheka. Jaji alivua miwani. "Basi nimemkosea Bwana Hehir, na ninamwomba radhi. Ila alama nitazipunguza."

Alama mbili ndizo zilizowanyima ushindi.

"Zimeshakwenda hizo," alisema Packie, akasimama. "Mwalimu, iko wapi ile barua yetu ya chai?"

Mwalimu aliitoa mkobani. Dervla aliisoma jinsi ilivyoandikwa, bila kuongeza nukta, mpaka kwenye fidla. Packie akaitungua, akasema maneno yake yote, na Bridie akalia waziwazi mbele ya kila mtu.

Baadaye, wakinywa chai, Dervla alimwuliza mzee, "Mbona hukunisema? Si uliiona karatasi?"

"Niliiona. Nikangoja nione wewe ni mtu gani." Packie alikoroga kikombe chake. "Sikia, binti. Kipaji unacho, na leo kilikutoa shimoni. Lakini shimo ulilichimba mwenyewe kwa uvivu na uongo, na mimi ukaniacha humo humo. Jifunze kazi yako, na usimdanganye anayekutegemea. Kipaji hakifanyi hayo kwa niaba yako."

Dervla aliikariri barua ile usiku huohuo, ingawa hakuna aliyeihitaji tena. Riwaya yake ilitoka mwaka uliofuata. Nakala ya kwanza aliipeleka kwenye bucha. Packie alifuta mikono kwenye aproni, akafungua ukurasa wa mbele, akasoma: "Kwa Packie Hehir, ambaye hakusahau hata neno moja."