Gunia Lililobaki Dohanini

Kila Ijumaa, siku isiyo na shule, Golnar aliamka mapema, akavaa soksi mbili mbili, akakaa kizingitini kumngoja baba yake. Baba, Fundi Jahangir, alikuwa akitengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto. Katika mji wa Borujen, ambako theluji hukaa vichochoroni hadi sikukuu ya Noruzi, mwaka mpya wa huko, ikaribie, simu ya fundi kama huyo hailali. Golnar alikuwa na miaka kumi na miwili, na tayari aliweza kuitambua spana namba kumi na nne kwa kuishika tu, bila kuitazama.

Ijumaa hiyo walikwenda kwa Bibi Turan, vichochoro vitatu kutoka kwao. Bibi aliishi na mjukuu wake Mitra, aliyekuwa darasa moja na Golnar. Boila yao, mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba joto, ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Maji ya pale ni magumu, na chokaa ilikuwa imeganda ndani ya mabomba hata tundu likabaki dogo kama la sindano. Baba alishinda asubuhi nzima akiiyeyusha kwa dawa. Kisha, ili ugonjwa usirudi, akafunga mtungi mpya wa kulainisha maji kando ya bomba kuu. Mtungi huo hulishwa chumvi ya mawe, na chumvi ikishafanya kazi yake, maji huachwa yamwagike mpaka ladha ya chumvi iishe kabisa.

Kabla ya kuwasha, baba aliuliza habari za dohani ya kutolea moshi. Bibi Turan akakumbuka. Kila kiangazi walisokomeza gunia katika mdomo wa dohani, kule juu ya paa, ili shomoro wasijenge humo, na kila vuli kaka yake Mitra alipanda kulitoa. Mwaka huu kaka yuko jeshini, na gunia bado liko kule.

"Nitalitoa mimi," alisema Golnar.

Mitra akacheka. Shuleni walimwita Golnar Kifaranga, tangu siku aliyoning'inia katikati ya kamba ya mazoezi akalia mpaka mwalimu akaja kumshusha.

"Kifaranga apande paani?" alisema Mitra. "Basi tumwekee na mtama huko juu."

Golnar alipanda ngazi za ndani, akasukuma mlango wa paa. Paa lilikuwa tambarare, lakini lote lilikuwa barafu tupu, linang'aa kama sinia, na dohani ilikuwa kule mwisho, karibu na ukingo. Alipiga hatua mbili. Mguu ukateleza. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akabaki hapo akihema, huku akiiona ncha ya gunia ikipeperuka kwenye mdomo wa dohani kama ulimi unaomzomea. Chini, Mitra alikuwa akimngoja.

Akashuka. Baba akamuuliza kama amelitoa.

"Nimelitoa," alisema.

Neno lenyewe lilikuwa dogo, lakini tangu lilipomtoka alitamani kuondoka katika nyumba ile. Baba alipomwagiza aonje maji ya mtungi, alitia ncha ya kidole tu mdomoni na kusema hayana chumvi.

Sasa, Fundi Jahangir alikuwa na desturi yake. Kila alipotaka kuwasha boila, kwanza aliwasha njiti ya kiberiti, akaisogeza chini ya bomba la moshi. Mwali ukivutwa ndani, dohani inapumua. Mwali ukisimama wima, dohani imeziba, na moto hauwashwi. Siku hiyo alikuwa tayari ameshika kiberiti mkononi simu ilipolia. Bomba limepasuka kwenye nyumba yenye mtoto wa siku tisa. Baba alimtazama Golnar, akarudisha kiberiti mfukoni, akawasha boila kwa kitufe chake.

Bibi Turan alikwisha kumimina chai, akawasihi wakae hata kwa gilasi moja, lakini baba aliomba radhi, miguu ikiwa nje tayari. Bibi akaweka bonge la sukari katikati ya meno, kama wanywavyo chai huko, akanywa funda moja. Akaitazama gilasi, akalitoa bonge la sukari mdomoni na kulitazama nalo. Kisha akatabasamu.

"Mikono yako isiumwe, Fundi," alisema, kama washukuruvyo watu wa mji ule.

Kwenye lile bomba lililopasuka Golnar alishika taa, akapokea koleo, lakini akili yake haikuwa hapo. Alijiambia kwamba upepo utalitoa lile gunia. Alijiambia kwamba atakwenda kesho, peke yake, jua likishayeyusha barafu.

Alasiri walirudi nyumbani kula pamoja na mama. Simu ya baba ikalia, naye, kwa kuwa mikono ilikuwa na mchuzi, akaibonyeza sauti isikike kwa wote. Alikuwa Bibi Turan. Amepiga kushukuru. Nyumba ina joto kama hamamu ya maji moto, alisema, na amekwisha kuziba madirisha kwa nailoni ili lisitoke hata kidogo. Baba akauliza kama kila kitu ni sawa. Sawa kabisa, alijibu. Baba, aliyewajua watu wa mji wake na adabu zao za kuficha shida, akauliza mara ya pili, halafu ya tatu. Hapo ndipo Bibi akakiri kwamba chai ina chumvi kidogo, kidogo tu, wala Fundi asijisumbue.

Baba akamgeukia Golnar. Golnar akainamia sahani.

Labda ni hiyo chumvi, aliendelea Bibi, imempandisha presha, maana kichwa kinamgonga tangu adhuhuri. Na Mitra naye kichwa kinamuuma. Amelala tangu saa saba, hataki hata kuamka. Baba akamwomba radhi, akamwambia wasinywe tena maji yale, kesho asubuhi atakuja kuyasafisha.

Golnar aliacha kutafuna. Baba alidhani ni chumvi. Bibi alidhani ni chumvi. Duniani kote alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kwamba si chumvi, ni moshi usio na pa kutokea, naye alikuwa ameketi pale na kipande cha mkate mkononi. Akiongea, kesho darasa zima litajua. Asipoongea, hiyo kesho asubuhi ni mbali.

Bibi alikuwa tayari anaaga.

"Baba, usikate," alisema Golnar. "Si chumvi. Gunia bado liko kule. Sikulitoa."

Baba hakumkemea. Aliishika simu kwa mkono ule ule wenye mchuzi.

"Bibi, nisikilize. Funga gesi sasa hivi. Fungua mlango. Mwamshe Mitra, mtoke nje."

Walisikia hatua zikiburuzwa, na jina la Mitra likiitwa, mara moja, mara tatu. Kisha sauti ya Bibi ikarudi, nyembamba.

"Haamki, Fundi."

Baba alitoka bila koti. Mama aliita gari la wagonjwa. Golnar alikimbia nyuma ya baba, akaanguka kichochoro cha kwanza, akainuka, akaanguka tena cha pili. Walimkuta Bibi amepiga magoti kizingitini, mlango wazi, akijaribu kumvuta Mitra kwa mkono mmoja. Baba alimbeba Mitra, akamlaza uani juu ya koti la Bibi. Kichwa cha Mitra kiliangukia upande kama cha mwanasesere. Golnar akamkamata mkono, akamwita jina, akalirudia na kulirudia. Baridi iliyomchoma asubuhi, sasa aliiomba imchome Mitra aamke.

Mitra akakohoa. Akageuka upande, akatapika, akalia.

Wauguzi waliwavisha Bibi na mjukuu barakoa za oksijeni, wakawachukua. Mmoja wao alimwambia baba kwamba sumu ya moto uliozibiwa dohani ni gesi isiyo na harufu wala rangi, na kwamba nusu saa zaidi ingekuwa habari nyingine. Walipoondoka, baba alijifunga kamba kiunoni, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye dohani, akashuka na gunia jeusi. Aliliweka mbele ya Golnar.

Siku ya tatu, Bibi na Mitra waliporudi kutoka hospitali, baba na binti yake walikwenda. Golnar alisimama mbele ya Mitra akaeleza yote: barafu, woga, uongo. Alingoja kuitwa Kifaranga.

"Ungesema tu unaogopa," Mitra alisema polepole. "Mimi mwenyewe sijawahi kupanda kule."

Bibi Turan akasema naye ana lake. Alionja chumvi tangu funda la kwanza, akatanguliza adabu. Angesema pale pale, Fundi angerudi, na pengine angekumbuka kuipima dohani.

Baba alikuwa wa mwisho. "Kosa langu ndilo kubwa," alisema. "Niliutazama mdomo wa mwanangu badala ya kuutazama moto. Golnar, kuogopa si aibu. Mimi nilijifunga kamba kwa sababu naogopa. Ukiniambia 'siwezi', nitatafuta kamba. Ukiniambia 'nimefanya' na hujafanya, mimi nitawasha moto. Mwanangu, mficha maradhi, kifo humfichua."

Kisha akampa kiberiti. Golnar akapiga njiti, akaisogeza chini ya bomba la moshi. Mwali ukainama, ukavutwa ndani.

Boila ikawashwa, chai ikamiminwa. Bibi Turan akaweka sukari katikati ya meno, akanywa, akaitazama gilasi.

"Fundi," alisema, "bado ina chumvi."

Mitra ndiye aliyeanza kucheka. Golnar alikuwa ameshafika bombani. Alilifungua lote, akajaza kiganja, akaonja kwa mdomo mzima, akatema, akayaacha maji yamwagike, akaonja tena.