Tone la Suyin

— Peishan, njoo uone. Amerudi tena.

Mzee Fan, fundi wetu wa mashine ya kuchapa, alinyanyua karatasi ya plastiki iliyokuwa ikiwaka kijani. Katikati palikuwa na doa jeusi: kichwa, shingo, na bega moja lililoinama.

— Ni doa tu, Mzee Fan.

— Doa gani lina shingo? Nimeweka juu ya mashine pakiti mpya ya bisi ya kuibembeleza, kama desturi yetu, ya kijani kabisa kama taa ya ruhusa, haijaisha muda. Mashine haijanuna, binti yangu. Huyu ni Suyin.

Nilicheka. Suyin ndiye aliyetengeneza wino katika maabara hii ya Hsinchu kabla yangu. Alifariki akiwa mchumba wa Kunyi, mwenzetu wa hapa maabara. Sasa mchumba wa Kunyi ni mimi, na wino huu unaowaka ukipitishiwa umeme ni kazi yangu. Nikijaribu tone mezani kwangu, linakauka sawasawa. Likifika kwenye mashine, mwanamke anatokea.

Niliinamisha kichwa palepale. Bwana, kama ni roho, iondoe. Kama ni mtu, nionyeshe.

Simu ikalia. Ujumbe wa Kunyi:

"Mama anauliza keki za uchumba tuagize lini. Umekula?"

"Sijala. Doa limetokea tena."

Akaandika:

"Usiogope. Atakuzoea."

"Nani?"

Niliiweka simu mfukoni.

Nilichukua chupa ya wino kwenye mashine, nikaifungua. Wino wangu hunuka kama vidonge vya kufukuzia nondo. Huu ulinuka shamari, kama kiungo cha jikoni.

— Mzee Fan, nusa.

Alinusa, akarudi nyuma hadi ukutani.

— Koti la Suyin lilinuka hivyohivyo.

— Nani hushika chupa hii baada yangu?

— Kunyi. Kila asubuhi anaichukua kwenda kuuchuja wino. Ni mchumba wako, mimi ningemkatazaje?

Nilimkuta kwenye chumba cha kuchujia. Mkono mmoja bomba la sindano, mwingine kichupa cha kahawia chenye mwandiko usio wangu. Alikuwa akinong'ona. Si kwangu.

— Kunyi, unafanya nini?

Hakushtuka.

— Tone moja tu, Peishan. Huu ndio wino wa mwisho aliotengeneza.

— Unautia kwenye wino wangu?

— Nilitaka mfanye kazi pamoja. Nikafikiri akikuzoea, ataturuhusu tuoane.

— Amekufa.

— Ndiyo maana natia kidogo.

Nikajilazimisha kusema kama mtu wa kazi.

— Kiyeyusho cha wino wake hukauka upesi, cha wangu polepole. Ukivichanganya vinavutana, rangi inakimbilia pembeni, katikati panabaki giza. Hilo ndilo doa.

— Na shingo? Na bega?

— Hilo sijui. Nakwambia ninachokijua.

Akainamisha macho.

— Ukiniacha nitaelewa.

— Sijasema nakuacha. Nasema siolewi na watu wawili. Uchape wino wake peke yake, wote, kichupa kikauke. Kisha useme unamtaka nani.

Aliumimina wote kwenye chupa tupu ya mashine. Mzee Fan aliwasha mashine. Karatasi ilipotoka na kupewa umeme, iliwaka yote, pembe hadi pembe, safi kama maji. Hapakuwa na doa wala mtu.

Kunyi akaanza kulia.

— Alikuwa anajua kazi.

— Alijua kweli. Na mimi pia najua. Ila si kwenye chupa moja.

Kisha akaikatia karatasi umeme kwa mkono wake mwenyewe, ikazima. Chumba kikawa na baridi, au nilidhani hivyo. Akatoa simu, akampigia mama yake Suyin, akaiweka kwenye spika.

— Mama, ni Kunyi. Nilipaswa kukwambia zamani. Naoa.

Upande wa pili, redio ilizimwa.

— Naye yupo hapo?

— Yupo.

— Binti, unaitwa nani?

— Peishan, mama.

— Peishan. Njooni wote Jumapili, mle chakula. Na wewe Kunyi, mwache mwanangu apumzike. Tangu azikwe, kila nikimwota namkuta amesimama tu, bega limeinama, ananiambia amechoka kuitwa kazini.