Usiiguse kwa Brashi

"Wewe kaka! Hiyo si parachichi, usiibonyeze!"

Kijana alirudisha kidole haraka. Ilikuwa Jumamosi, jengo la maduka limefurika, watu wanapigana vikumbo kwenye ngazi za umeme, na bado yeye alikuwa amesimama kimya mbele ya picha moja kwenye kibanda cha picha. Shati lake la bluu lilikuwa na madoa ya rangi mpaka kwenye kola.

"Samahani, dada. Natafuta alama za brashi. Macho yanaziona, kidole hakizioni."

"Hazipo. Hiyo ni picha ya kamera." Binti aliyekuwa akiziuza picha hizo, gauni la njano na raba nyeupe, alijishika kiuno. Kwenye studio ya mama yake mdogo walimwita Kichwangumu, na hawakumsingizia. "Ni bonde la nyuma ya kiwanda cha saruji. Nguzo za umeme na dimbwi la maji machafu. Nimekaa nayo kwenye kompyuta wiki nzima, nikavuta mawingu, nikayeyusha majani, dimbwi nikalitia zambarau."

"Kumbe mashine ndiyo imechora."

"Na wewe, brashi ndiyo inachora, wewe unaishikia tu?"

Kijana aliangua kicheko mpaka watu wakageuka. Alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta, tena mwenye jina mjini. Aliondoka na namba ya simu, na Kichwangumu akamhifadhi kama Bwana Brashi.

Basi mapenzi yakanoga. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, moyo wangu?"

"Nimekula. Wewe umenawa mikono, au umekula rangi?"

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa Kichwangumu rohoni: maonyesho ya mandhari ya jumba la sanaa. Kila mwaka alipeleka kazi yake, na kila mwaka wasimamizi waliirudisha bila hata kuitazama vizuri. Picha za kamera, walimwambia, ni za studio.

"Mwaka huu nipe mimi nikupelekee," Bwana Brashi alisema.

Bonde likakubaliwa! Kichwangumu aliruka mpaka viatu vikamtoka. Siku ya ufunguzi alivaa gauni la kijani, akaingia ukumbini kichwa juu, na kumkuta msimamizi mkuu akiwaonyesha wageni picha yake.

"Tazameni huo mkono! Kila mpako wa brashi unaonekana."

Mpako? Alisogea karibu. Taa iliangukia mawingu yake, na juu ya mawingu kulikuwa na matuta. Mtu alikuwa amepaka gundi angavu kwa brashi, akifuata mistari yake mmoja mmoja. Chini yake kibandiko kilisema: Rangi ya mafuta.

Alimgeukia mpenzi wake. Bwana Brashi alikuwa anatazama sakafu.

"Huo mkono si wangu," Kichwangumu alisema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Hiyo ni gundi. Bonde ni la kamera, na mimi ndiye niliyelifanya hivyo."

Akaitungua picha ukutani.

"Mpenzi, nilitaka tu waione," Bwana Brashi alinong'ona.

"Wameiona gundi yako. Ulinionea aibu, basi!"

Akatoka na picha kwapani. Simu zake alizikata zote. Usiku alilia, mchana alikuwa mkali kama pilipili, na mama yake mdogo akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, kijana mzuri vile, unamwacha kwa gundi tu?"

"Mama, angenipaka mimi ili nifanane na mwingine ndipo anipeleke kwao, ungesema poda tu?"

Mama mdogo akarudi kwa wateja wake.

Jumatatu moja mchana, foleni ya picha za pasipoti pale studio imefika mlangoni, aliyekaa kwenye stuli alikuwa Bwana Brashi.

"Sina la kuzungumza na wewe."

"Sikiliza tu. Nimewaambia wasimamizi mbele ya wageni wao kwamba gundi ilikuwa yangu na uongo ulikuwa wangu. Nikawaambia, bonde litundikwe kama picha ya kamera, au michoro yangu iliyo humo naibeba."

"Wakasemaje?"

"Wamenifukuza. Nimeibeba." Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Ukuta wa nje wa karakana yangu umetazama barabara kuu. Tutundike pale, yako na yangu. Wakitaka kuona, waje wao."

Kichwangumu alimkazia macho. "Gundi yako nimeshaibandua. Na kibandiko naandika mimi: picha ya kamera. Herufi kubwa."

"Kubwa kama mlango. Sasa nipige picha."

"Ya nini?"

"Ya kuandikisha ndoa. Wanataka za wawili."

Foleni ikapiga vigelegele. Kichwangumu alijificha nyuma ya kamera, maana machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kaa wima. Usicheke."

"Hutaninyoosha pua kidogo kwenye kompyuta?"

"Ng'o! Utabaki hivyo hivyo."

Alibonyeza, akamwondoa kwenye stuli, akaketi yeye.

"Mama, nipige," alimwambia mama yake mdogo. "Na huyu akishika brashi, mtoe nje."