Migomba ya Ukutani

Harufu ilianza mchana kweupe, wakati wa kupika. Maua meupe ya makaburini, ndani ya nyumba, na makaburi yenyewe yako ng'ambo ya mto Perak.

"Nani kaleta maua?" Kalsum aliuliza kwa sauti ndogo. Alikuwa kajifungua juzi tu, na mtoto hanyonyi.

Mumewe, Deraman, alimtazama mtoto. Mtoto wao wa kwanza alikufa hivihivi, anakataa ziwa huku anauchekea ukuta. Safari hii Deraman alikata migomba yote ya uani, maana nani asiyejua kwamba jini la mwanamke aliyefia uzazini hukaa migombani? Nyumba ilisimama juu ya nguzo, na chini ya sakafu akatundika majani ya miiba ya kulizuia. Angefanya nini tena, maskini?

Wajapani walikuwa wameshindwa vita, na noti walizotulazimisha kuzitumia hazinunui hata chumvi. Deraman alibaki na kapu zima la noti hizo. Upepo ulikuwa unapenya ukuta wa mianzi, vitambaa hakuna, basi akazibandika noti kwa uji wa muhogo, chumba kizima. Majirani wakamcheka: "Tajiri huyo, analala benki."

Mkunga, Bibi Temah, alipiga hodi, akaishia mlangoni.

"Migomba ulikata?"

"Yote, bibi."

"Na hii?"

Kidole chake kilikuwa juu ya noti ya dola kumi, yenye picha ya mgomba na mkungu wake. Deraman akatazama, na pembeni yake kulikuwa na mwingine, na juu yake mwingine, migomba kutoka sakafuni hadi darini, na ingawa siku ile hakukuwa na upepo majani yale ya karatasi yalikuwa yanatikisika, polepole, kuanzia mlangoni kuelekea kwenye susu alimolala mtoto, kama vile mtu anapita katikati yake akiyasukuma kwa bega.

"Umelipandia shamba chumbani," bibi alinong'ona. "Bandua."

Walibandua kwa kucha, Kalsum naye, wakazichoma zote uani, bibi akikoroga majivu. Harufu ikakata. Kalsum akalia kwa furaha.

Mama yake Deraman, aliyebaki ndani na mtoto, akateremka ngazi akitabasamu. "Mtoto kalala. Kaupenda ule mto niliomshonea."

"Pamba ulipata wapi, mama?"

"Pamba? Nani ana pamba siku hizi? Si nilichota noti kwenye kapu lako."

Juu chumbani mwanamke alianza kumbembeleza mtoto kwa wimbo, taratibu. Kalsum alikuwa amesimama pale uani, ameushika mkono wa mumewe.