Wanne Gizani

Mimi nauza mwanga. Usicheke. Hapa Kolwezi umeme wa leo si wa kesho, kwa hiyo nina jenereta uani, paneli za jua juu ya bati, na meza ambapo wachimbaji huniachia taa zao za kichwani nizichaji. Mume wangu Swedi hupeleka mizigo kwa lori hadi Kisenge, nami nabaki na waya zangu. Zamani ungeniuliza giza ni nini, ningekujibu bila kufikiri: giza ni mahali ambapo mimi, Amisa, sijafika.

Haya yalimpata jirani yangu, Séraphin. Alikuwa mtu mpole, wa misa ya Jumapili na viatu vilivyong'arishwa, mpaka aliposikia fununu kwamba kobalti inapita chini ya nyumba yake. Akatoboa sakafu ya chumba cha kulala. Kwetu si ajabu. Wengi mtaani tunalala juu ya mashimo. Kitanda kikahamia sebuleni, mkewe Kabedi akanung'unika, kisha akazoea.

Walikuwa wakishuka watatu: Séraphin, rafiki yake Mukalay, na René, mdogo wake Kabedi. Mdomoni mwa shimo ilikaa mashine ya kupuliza hewa, ikila umeme wangu, na kutoka hapo mrija mrefu wa plastiki laini ulishuka hadi walipochimba. Mashine ikiwaka, mrija unavimba. Ikizimwa, unalala chini kama soksi.

Wachimbaji wana adabu zao. Taa zikizimwa huko chini, kila mmoja hutaja jina lake mwenyewe, mkubwa kwanza, ili ijulikane nani yupo. La mwenzako hulitaji. Na sisi wa juu ndio kabisa, hatumwiti mtu wa chini kwa jina. Unagonga chuma au unasema "ba tata ba chini", yaani baba wa chini, basi. Nilipouliza sababu, Mukalay alisema jina likitumwa gizani halichagui wa kulipokea. Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka.

Siku hiyo ilikuwa mchana wa kiangazi, jua kali. Kabedi alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, uani, mimi nakaza waya iliyolegea, na tulikuwa tunamsengenya mwanamke mmoja wa kwaya. Ardhi ikaguna. Sahani zikagongana ndani. Vumbi jekundu likatoka dirishani polepole.

Tulikimbilia chumbani. Shimo lilikuwa limejaa udongo. Mrija tu ndio ulipona, kwa kuwa ulipita ubavuni, nyuma ya mbao. Wanaume wa kiwanja cha pili wakaingia katika shimo lao na kuanza kuchimba kuelekea kwetu. Kabedi alipiga magoti kando ya shimo. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mumewe atoke, na mimi nilikitaka pamoja naye.

Nikazima mashine, nikauchomoa mrija ili tusikilize. Tukabana vichwa vyetu kwenye mdomo wa mrija. Mchanga ulikuwa ukimwagika mahali fulani, mbali. Kisha tukasikia.

"Séraphin."

"Mukalay."

"René."

Wote hai. Nikamwambia Kabedi tuwashe haraka, wanahitaji hewa. Lakini furaha ilimzidi nguvu. Akaweka midomo yake kwenye mrija.

"Séraphin. Séraphin, bwana yangu, mi niko hapa."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimechelewa.

Tuliwasha, tukawapa hewa, tukazima tena. Mukalay akatueleza kwamba wamezima taa zote kutunza betri, maana hawajui watakaa humo muda gani. Nikamsihi waache hata moja. Akasema watawasha wakisikia chepe za wenzao karibu. Kisha wakajitaja tena. Séraphin. Mukalay. René.

"Séraphin."

Sauti ile ile. Hata kikohozi kidogo kabla ya jina kilikuwa chake.

"Ni we njo umerudilia?" Mukalay alinong'ona.

"Hapana. Haiko mi."

Kabedi aliushika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

René akawasha taa. Tulisikia pumzi zao zikirudi. Walituambia wako watatu, na kuta, na udongo, basi. Niliwaambia wasiizime, taa ile niliichaji mwenyewe asubuhi, itawatosha. Mukalay akajibu.

"Inawaka, mama Amisa. Lakini haifike mbali. Giza inakaya karibu, sawa mutu."

Halafu kikohozi kidogo. Kilitoka nje ya mwanga.

"Séraphin."

Tukasikia René akilia kwamba taa imezimika.

Sijui ilichukua muda gani baada ya hapo. Tuliwasha mashine, hatukuthubutu kusikiliza tena. Wanaume wa kiwanja cha pili walitoboa ukuta, wakapata tundu la upana wa mabega. Akatoka René, analia. Akatoka Mukalay. Akatoka Séraphin. Waliokuwa wakivuta wakaruka nje, na nyuma yao kila kitu kikaporomoka.

Watatu wameingia, watatu wametoka. Mtaa mzima uliimba. Kabedi alimkumbatia mumewe mpaka wote wawili wakawa wekundu kwa vumbi. René na Mukalay walijifunika macho kwa mikono, kama afanyavyo yeyote anayetoka gizani. Séraphin hakujifunika. Alisimama katika jua la alasiri akalitazama moja kwa moja, bila kupepesa.

Mukalay akanivuta kando. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Tulikuwa tunashikana mikono. Bwana ya Kabedi aliniachilia njo nipite, akabakia kushikilia mbao. Huyu alitoka upande ingine."

Siku hiyo hiyo alihamia Mutoshi kwa dada yake. Hajarudi hata kuchukua nguo.

Asubuhi iliyofuata niliingia chumbani kwa Kabedi kuchukua waya yangu. Katika shangwe tulikuwa tumesahau mashine ikiwaka. Nikaizima. Mrija ukaanza kulala. Ndani yake, chini sana, mtu akakohoa.

"Kabedi. Usizime."

Kabedi alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Akaiwasha yeye mwenyewe, na tangu siku ile haijazimwa kwa hiari ya mtu.

Alikwenda kwa wachimbaji, akawapigia magoti wachimbe. Wamchimbie nani? Mumewe si yule amekaa uani? Alikwenda kwa padri. Padri akaja, akanyunyiza maji, na Séraphin akajibu amina kila panapostahili. Anakula. Anasalimia watu. Ukimuuliza jambo la zamani, analijua. Kabedi akisema huyu si yeye, ataitwa kichaa, na watoto wake wadogo watabaki na nani? Akinyamaza, chini ya sakafu kuna mtu anayemsubiri. Ninamwonea huruma mpaka nakosa usingizi. Na jina alilipeleka yeye, kwa mapenzi tu.

Siku hizi sijisifu tena kwa taa zangu. Nilidhani mwanga unafukuza giza. Haufukuzi kitu. Unalisogeza tu nyuma ya mgongo wa mtu, likae hapo, lisikilize anavyoitwa.

Juzi jenereta iliishiwa mafuta, mchana, nikiwa sokoni. Nilirudi nikikimbia. Kabedi alikuwa amechuchumaa chumbani, ananionyesha sakafuni kwa kidole.

Mashine ilikuwa kimya. Mrija ulipaswa kuwa umelala. Ulilala, kisha ukavimba. Polepole. Ukalala. Ukavimba. Niliuchomoa, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa mrija. Hewa ilikuwa ya joto, na yenye unyevu.

Nikatazama dirishani. Séraphin alikuwa kwenye kiti chake juani, shati halina vifungo, kifua wazi. Nilikitazama kifua kile kwa muda mrefu sana.

Hakikupanda. Hakikushuka.

Kabedi hakugeuka kutazama. Nadhani alishalijua hilo kabla yangu, usiku baada ya usiku, ubavuni mwake.

"Leta mafuta, mama," alinong'ona.

Nikaenda kuleta mafuta.