Shimo la Hajat Nuriat

Rafiki yangu Abdunoor huchimba mashimo ya vyoo, na si mtu wa kuzua maneno. Februari iliyopita alikuwa Kibuli, nyumbani kwa Hajat Nuriat. Mwenzake Okullo alikuwa juu, ameshika kamba.

Saa tisa mchana, futi arobaini chini, sururu ilizama hadi mpini. Hewa ya moto ikapanda kutoka kwenye tundu. Abdunoor akapiga magoti, akachungulia. Giza tupu. Lakini mbali sana huko chini alisikia jogoo akiwika, maji mengi yakipita na watu wakitwanga, kama mji mzima uko kazini.

Akaita, "Nani huko?"

Sauti zote zikakatika pamoja. Hata maji yakanyamaza.

Kisha mwanamke akajibu kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwao Abdunoor: "Umetoboa mbingu yetu."

"Okullo, vuta! Vuta, ndugu yangu!"

Siku hiyohiyo waliziba shimo kwa zege. Hajat akawaita waoga.

Wiki moja baadaye Hajat alimpigia simu akilia. Abdunoor akaenda, akalaza sikio kwenye sakafu ya chumba cha wajukuu. Chini yake watu wengi walikuwa wakichimba, wakija juu.

"Wameanza lini?" akauliza.

"Tangu juzi. Hawapumziki."

Abdunoor akagonga sakafu mara moja kwa kiganja. Kimya. Kisha, kupitia saruji, kitu kikagonga mara moja, palepale kiganja kilipokuwa.