Nyota ya Tatu Katika Jicho la Lama

Haya yalimpata Hilaria, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anayetaka kubisha na abishe, mimi nimezeeka na ubishi sina.

Siku zake zote zilifanana. Asubuhi Hilaria alianika viazi, mchana akachunga lama, wale wanyama wetu wa sufu, na jua lilipozama akapanda kwenye nyumba ya wageni ya Mzee Eleuterio kuwaonyesha watu nyota kwa darubini. Ndiyo kazi yake. Huku kijijini Chilcapampa tuko juu sana milimani, na mbingu ya Agosti ikitanda jioni hata asiye na haja nayo huinua kichwa.

Yeye huanza na macho ya lama wa angani, zile nyota mbili kali za upande wa kusini.

"Sasa chungulieni jicho hili linalong'aa zaidi," huwaambia. "Mnaona? Si nyota moja, ni mbili. Zinazungukana kama ndugu wa tumbo moja. Na ipo ya tatu, ndogo, nyekundu, imejitenga nazo. Hiyo darubini yetu haiioni, msijitoe macho bure."

Wageni hucheka. Lakini mwaka ule, kila akifika kwenye neno "ndugu", ulimi ulikuwa mzito.

Kaka yake Tiburcio alipotea Agosti ya mwaka uliotangulia. Mama yao, Mama Dorotea, aliambiwa kijana amedandia lori, kaenda kutafuta kazi migodini. Aliyemwambia ni Hilaria, na ulikuwa uongo. Walikuwa wakirudi kutoka gulioni, Tiburcio amelewa chakari pombe ya mahindi. Walipofika Yanacasa, pale njia inapokatiza mlima, akakaa chini na theluji inaanza. Wakagombana. Dada akamwacha. Asubuhi aliporudi kumtafuta, mlima wote ulikuwa mweupe.

Akaogopa. Uongo wa kwanza ukazaa wa pili. Kila jioni mama alimwekea mwanawe bakuli la supu, na kila asubuhi Hilaria akawamwagia mbwa. Jamani, roho ilimsuta yule binti! Alikonda akabaki macho.

Sasa sikilizeni kosa lake. Kwetu mtu akifa, nguo zake hufuliwa mtoni ili roho ishike njia. Wafuaji ni mashemeji, wakwe, hata majirani. Wa damu yake hagusi. Lakini Hilaria angemwomba nani, na kifo chenyewe kakificha? Alfajiri moja akabeba mashati na suruali za kaka yake, akazifua peke yake. Alidhani amemfungulia njia. Kumbe amemfunga kwake.

Juma lilelile alikuja mgeni kutoka Lima, mama mnene mwenye maneno mengi. Akachungulia, akaguna.

"We dada, unatuchezea? Mbona naona tatu?"

"Uchovu wa safari huo, mama."

"Uchovu gani! Tatu. Ile nyekundu iko katikati hapo."

Hilaria akainama kutazama. Mbili zilikuwa zimetulia. Kati ya hizo mbili palikuwa na ya tatu, nyekundu, na ilikuwa ikitetemeka.

Akamwita Mzee Eleuterio. Mzee akatazama weee, akainuka.

"Mbili tu, binti. Punguza kutafuna majani ya koka."

Jioni iliyofuata nyota ile ilikuwa kubwa zaidi. Hilaria akafunika darubini, akawaambia wageni kuna mawingu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Kesho yake akasingizia kuumwa. Ndipo Mama Dorotea, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuweka jicho kwenye dude lile, akajitanda shuka.

"Inuka. Nipeleke nikaone hizo nyota zenu."

"Mama, utachoka na mlima."

"Nipeleke."

Wakapanda. Hilaria akaelekeza darubini. Mama akachungulia. Akakawia. Kisha akanong'ona, jicho bado liko palepale.

"Mbona kaka yako hana poncho?"

Hilaria akataka kumwinua, mama akamsukuma mkono.

"Amejikunyata. Anatetemeka. Poncho lake liko wapi, Hilaria?"

Lilikuwa nyumbani, chini ya malalo ya Hilaria mwenyewe. Siku ile kule Yanacasa Hilaria alimvua kaka yake. Vazi hilo zito la sufu alikuwa amelifuma kwa mkono wake, na kwa hasira akamwambia, "Hili ni langu. Ukitaka kulala, lala bila nguo yangu." Jambo hilo walilijua watu wawili tu duniani, na mmoja alikuwa chini ya theluji.

Hilaria akapiga magoti, akasema yote. Mama hakumpiga. Hata kulia hakulia.

"Alikuita?"

"Aliniita, mama."

"Ukageuka?"

"Sikugeuka."

Kulipokucha kijiji kizima tulipanda Yanacasa. Tulichimbua, tukapekua hadi magengeni. Hata mfupa hatukuona. Basi mashemeji wakafua nguo upya, kama inavyotakiwa, na lile poncho pia. Tukalitandaza nje ya mlango, alichukue aende nalo. Ndani tukanyunyiza majivu sakafuni, kama desturi, ili nyayo zituonyeshe kwamba roho imepita kuaga. Mama akalala karibu na meko. Hilaria akalala pembeni. Sisi tukaenda makwetu.

Alfajiri nikasikia Mama Dorotea akiniita kwa sauti ndogo. Nikaingia.

Nyayo zilikuwepo. Za miguu mitupu, za mtu mzima. Zilitoka mlangoni, zikampita mama bila kusimama, zikaenda mpaka malaloni kwa Hilaria. Za kurudi hazikuwepo.

Hilaria alikuwa macho, anapumua, hasogei. Poncho lilikuwa limemfunika mpaka kidevuni, limechomekwa huku na huku, vile tunavyofunika mtoto. Pindo zilikuwa na barafu. Juma zima theluji haikuwa imeanguka kijijini.

"Amekurudishia," mama yake akasema. Kisha akageukia ukuta, na sasa ndipo akalia.

Mimi nikapita pembeni ya zile nyayo nimwinue yule binti. Nikaingiza mkono chini ya poncho, nikaushika wake. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, mpaka nikashtuka. Lakini poncho lenyewe, upande wa ndani, lilikuwa na joto, kama nguo ambayo mtu ameivua sasa hivi.